SAFARI YA BAISKELI KUTOKA TANGA MPAKA KOROGWE

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kwa msimamizi wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika ubaoni majina haya matano: Tanga, Muheza, Hale, Segera, Korogwe. Baada ya somo wanafunzi wasome maandishi haya kwa sauti, kila mtu fungu moja, kisha wajibu maswali yaliyo mwisho.

(Kengele ya baiskeli yalia mara tatu.)

Natumaini mmekaa vizuri, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Leo tutasafiri. Hatutapanda basi, wala hatutapanda gari la moshi. Tutapanda baiskeli. Tutatoka Tanga asubuhi, tutapita Pongwe, Muheza, Hale na Segera, na kabla ya jua kuchwa tutaingia Korogwe.

Safari hii niliifanya pamoja na wenzangu tisa, nami ndiye niliyekuwa kiongozi. Kwa hiyo nitawaambieni mambo tuliyoyafanya vema. Tena nitawaambieni kosa moja kubwa tulilolifanya, ili ninyi msilifanye.

Kila mmoja wenu anaijua baiskeli. Kwetu pwani baiskeli huchukua samaki, nazi, mkaa, madumu ya maji, na mtoto anayepelekwa zahanati. Lakini kwenda shamba peke yako ni jambo moja, na kwenda mbali pamoja na watu kumi ni jambo jingine. Mtu mmoja akichoka, hupumzika. Watu kumi wakienda pamoja, uchovu wa mmoja ni shauri la wote.

Siku hizi iko misafara mikubwa ya baiskeli. Mwaka wa 2003 watu walianza kusafiri kwa baiskeli kutoka Cairo, Misri, mpaka Cape Town, Afrika ya Kusini, wakapita nchini kwetu. Tena kuna msafara uitwao Twende Butiama, ambao hutoka Dar es Salaam mpaka Butiama, zaidi ya kilomita 1,000, kwa kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Safari yetu sisi ilikuwa ya siku moja tu. Lakini kanuni ni zile zile.

HESABU KABLA YA SAFARI

Haya, chukueni kalamu. Kutoka Tanga mpaka Muheza ni yapata kilomita 35. Kutoka Muheza mpaka Segera ni yapata kilomita 37. Kutoka Segera mpaka Korogwe ni yapata kilomita 18. Jumlisheni. Mmepata ngapi? Ndiyo, 90.

Sasa, kundi letu litakwenda kilomita ngapi kwa saa moja? Kati yetu alikuwapo kijana awezaye kwenda 25. Alikuwapo pia mzee wa miaka 60, ambaye kwa saa moja huenda 15. Tulichagua 15. Kwa nini? Kwa sababu kijana aweza kupunguza mwendo, lakini mzee hawezi kuuongeza. Mwendo wa kundi ni mwendo wa yule aendaye polepole kuliko wote.

Basi gawanyeni 90 kwa 15. Mtapata saa 6 za kuendesha. Tukaongeza saa 3 za kupumzika, kula, na kutengeneza baiskeli. Jumla saa 9. Tukiondoka saa 12 asubuhi, tutafika saa 9 mchana. Jua hutua yapata saa 12 na nusu jioni. Kwa hiyo tulibaki na saa tatu na nusu za akiba. Wengine walicheka, wakasema akiba hiyo ni kubwa mno. Mtaona baadaye kama ilikuwa kubwa.

Kila mtu alichukua chupa mbili za maji, kila chupa lita moja. Tulichukua pia pampu mbili, viraka, gundi, msasa, spana, na mpira wa ndani wa akiba. Jioni ya kuamkia safari tulikagua breki zote, tukabana nati, na kutia mafuta minyororo.

KUJIPANGA BARABARANI

Barabara ya Tanga mpaka Segera ni ya lami, na malori na mabasi hupita kwa kasi. Kwa sababu hiyo tulikwenda upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine. Kati ya baiskeli na baiskeli tuliacha nafasi ya kutosha, ili wa mbele akishika breki, wa nyuma asimgonge.

Mtu wa mbele ndiye jicho la wote. Akiona shimo, hupaza sauti, "Shimo!" Wa pili husema hivyo hivyo, na wa tatu, mpaka neno limfikie wa mwisho. Mtu wa nyuma ndiye sikio la wote. Akisikia lori, husema, "Gari nyuma!" na neno hilo huenda mbele.

Mtu wa mbele ana kazi nyingine, nayo ni kuukata upepo. Anayemfuata kwa karibu hukingwa na upepo, na kazi ya miguu yake hupungua. Kwa hiyo si haki mtu mmoja kuongoza kutwa. Tulibadilishana kila baada ya kilomita chache. Mzee wetu hatukumweka mbele hata mara moja.

Nyuma kabisa tulimweka mwenzetu mmoja, fundi seremala, mwenye nguvu kuliko sisi sote. Tulimwita mlinzi wa nyuma. Kazi yake ilikuwa kumtazama kila mtu, asiachwe mtu njiani.

TANGA MPAKA MUHEZA

Tuliondoka saa 12 kamili. Wakati ule upepo ulitoka bara kwenda baharini, nao ulitupiga usoni kidogo. Wavuvi wanaujua vizuri. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Hewa ya bara hupanda juu, na hewa ya baharini huja kushika mahali pake. Ndipo upepo hugeuka. Kwa mtu aendaye bara kutoka Tanga, upepo huo humsukuma mgongoni.

Tulipita Pongwe, tukaona mashamba ya mkonge yenye mistari iliyonyoka. Mkonge si mmea wa asili wa nchi yetu. Mwaka wa 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa njiani. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yakaenea, na mwaka wa 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Baadaye kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakaota magugu.

Mwaka ule ule wa 1893 ndipo Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga. Kampuni iliyoanza kazi iliishiwa fedha reli ilipofika Muheza, na mwaka wa 1899 serikali yao ikaichukua. Reli ilifika Korogwe mwaka wa 1902. Yaani miaka tisa, kwa njia ambayo sisi tulitaka kuimaliza kwa saa tisa! Msafiri asiyepiga hesabu ya njia nzima hukwama katikati, awe na baiskeli au awe na reli.

Kabla ya kufika Muheza gurudumu moja lilitoboka. Kipande cha waya kilichotoka katika tairi kuukuu la lori kilikuwa kimeingia. Sikilizeni jinsi ya kuziba. Kwanza, toa mpira wa ndani, utie pumzi. Pili, uzamishe ndani ya maji kidogo kidogo. Panapotoka mapovu ndipo palipotoboka. Tatu, paukaushe, pasugue kwa msasa, pake gundi, ungoje ikaribie kukauka. Nne, bandika kiraka, ukikandamize. Tano, nalo ndilo watu husahau, pitisha vidole polepole ndani ya tairi utafute kilichotoboa. Usipokitoa, utaziba tena baada ya kilomita moja.

Kazi hiyo ilituchukua dakika 40. Tulifika Muheza saa 3 asubuhi.

MUHEZA

Muheza ni mji wa machungwa. Msimu wake ukifika, machungwa hujaa kando ya barabara. Ukitazama upande wa kulia utaona milima ya Usambara ya Mashariki, yenye misitu na mawingu. Huko juu ndiko Amani, ambako Wajerumani waliweka kituo cha utafiti wa mimea mwaka wa 1902.

Tulikunywa chai, tukala mihogo na maharage, tukajaza chupa zetu. Saa 4 tukaondoka. Niliwahesabu watu, nikapata kumi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyowahesabu asubuhi ile.

KOSA LETU

Baada ya Muheza barabara hupanda na kushuka. Jua lilikuwa kali. Katika vilima kundi lilianza kunyooka kama kamba. Nilikuwa mbele, na kila nilipogeuka niliona watu wakinifuata, nami nikaridhika. Niliona watu, lakini sikuwahesabu.

Saa 6 tulifika Hale. Pale ndipo penye kituo cha umeme kinachoendeshwa kwa nguvu ya maji ya Mto Pangani, kilichoanza kazi mwaka wa 1964. Tulitaka kukaa kivulini. Nikahesabu watu: tisa. Nikahesabu tena: tisa.

Aliyekosekana hakuwa mzee. Mzee alikuwa pale anakunywa maji. Aliyekosekana alikuwa mlinzi wa nyuma, yule seremala mwenye nguvu.

Tulimpigia simu, haikuitika. Mzee akasema kwa sauti ndogo, "Maji haya ninayokunywa ni yake. Yangu yalikwisha zamani. Alinipa chupa moja, nikamaliza, akanipa na ya pili."

Nilisikia moyo ukinipiga. Tuliwaacha sita pale Hale, sisi watatu tukarudi. Tulikwenda kilomita sita tukitazama kila kivuli na kila mtaro. Kisha tukaona baiskeli yake imeegemezwa kwenye shina la mwembe, karibu na meza ya machungwa. Naye alikuwa amelala chini, miguu yake imeinuliwa juu ya gunia. Mama muuza machungwa alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi, na kitambaa kibichi kilikuwa shingoni mwake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Ninyi ndio wenzake?"

"Ndio sisi."

"Mwenzenu kaachwa kama mzigo ulioanguka garini," akasema. "Mimi niliwahesabu mlipopita. Tisa. Kisha akaja huyu peke yake, anayumba. Nikajua huyu ana jambo, nikamwita."

Wasikilizaji, maneno hayo yaliniingia. Yule mama hakutujua, lakini alituhesabu. Mimi niliyekuwa kiongozi sikuhesabu.

Alikuwa amempa maji yenye dawa ya pakiti, ile ya chumvi na sukari ipatikanayo zahanati. Nikamwuliza alijuaje kipimo chake. Akanionyesha pakiti. "Imeandikwa hapa, mwanangu. Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Zamani nikipewa hizi nilikuwa nakisia tu. Kusoma nimejifunza ukubwani, darasa la jioni."

MARADHI YA JOTO

Sasa tueleze kilichompata mwenzetu. Mwili hujipoza kwa jasho. Jasho likitoka, maji na chumvi hutoka pamoja nalo. Usipokunywa, maji mwilini hupungua. Kwanza kichwa huuma, miguu hukaza, na macho huona kizunguzungu. Huo ndio wakati wa kusimama.

Fanyeni hivi. Mpelekeni mgonjwa kivulini. Mlazeni, inueni miguu yake. Legezeni nguo zake. Mlowesheni maji, mpepeeni. Mpeni maji kidogo kidogo. Kama hakuna dawa ya pakiti, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visiwe vya kujazwa mlima.

Lakini angalieni sana. Mtu akianza kusema maneno yasiyo na maana, au akizimia, au mwili wake ukiwaka joto, hiyo ni hatari ya kifo. Msimnyweshe kitu akiwa hana fahamu. Mpozeni kwa maji na kumpepea, na papo hapo mtafute gari la kumpeleka hospitali.

Mwenzetu hakufika huko. Alijua jina lake, na siku, na alituuliza kama mzee amefika salama. Baada ya muda alikaa, akasema yuko tayari kuendesha. Tulimkatalia. Mtu aliyepatwa na joto asirudi juani siku ile ile, hata akijiona ana nguvu. Saa 8 tulisimamisha basi dogo, tukapakia baiskeli mbili juu, na mmoja wetu akafuatana naye mpaka Korogwe, ampitishe kwanza kwa daktari.

Tulitaka kumlipa yule mama. Alikataa fedha ya dawa. Tukanunua machungwa yake, tukajaza mifuko.

SEGERA MPAKA KOROGWE

Saa 8 na nusu tulikuwa Hale tena. Safari hii tulikwenda kwa utaratibu mpya. Kila mtu alipewa namba. Kila tulipopita kilima niliita, "Hesabu!" Wa mbele akasema moja, wa nyuma yake mbili, mpaka nane. Namba ikikosekana, wote husimama.

Segera ni njia panda. Kibao kinaonyesha kushoto Chalinze na Dar es Salaam, na kulia Korogwe, Moshi na Arusha. Asiyejua kusoma hapo hulazimika kuuliza, na akidanganywa ataenda mbali na kwao. Tulipumzika kidogo, tukala machungwa, tukageuka kulia.

Tuliingia Korogwe saa 11 jioni, jua bado lipo. Tulichelewa saa mbili. Hakuna aliyecheka tena ile akiba ya saa tatu na nusu. Bila akiba hiyo tungekuwa gizani, kati ya malori, tukiwa tumechoka. Wahenga walisema, akiba haiozi.

Mwenzetu tulimkuta amekaa barazani anakunywa uji. Daktari alimwambia apumzike siku mbili. Nikamwomba radhi mbele ya wote. Nikasema, "Tulikuweka wewe umtazame kila mtu, lakini hatukumweka mtu wa kukutazama wewe."

Hilo ndilo somo langu la leo. Katika kila kazi ya pamoja yuko mtu tunayemtegemea kwa kuwa ana nguvu. Huyo hutoa maji yake, hasemi amechoka, wala hatumwulizi. Katika safari, katika ushirika, hata nyumbani, mhesabuni naye.

Kwa herini, wasikilizaji. Someni vizuri.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mlinzi wa nyuma: mtu anayekwenda mwisho wa kundi ili asiachwe mtu.
Kiraka: kipande cha kuzibia palipotoboka.
Msasa: karatasi yenye mchanga mkali, ya kusugulia.
Njia panda: mahali barabara zinapokutana au kuachana.
Akiba: kitu kilichowekwa kwa ajili ya baadaye.

MASWALI

1. Kwa nini kundi lilichagua mwendo wa kilomita 15 kwa saa?
2. Mtu wa mbele ana kazi gani mbili?
3. Baada ya kuziba mpira wa ndani, watu husahau kufanya nini?
4. Yule seremala alikuwa na nguvu kuliko wote. Mbona alipatwa na maradhi ya joto?
5. Yule mama alifanya nini ambacho kiongozi hakukifanya?
6. Ni dalili gani zinazoonyesha kwamba mgonjwa wa joto lazima apelekwe hospitali mara moja?

HESABU

Kundi la watu wanane linataka kwenda kilomita 60. Mwendo wao ni kilomita 12 kwa saa, na watapumzika saa 2. Wakiondoka saa 12 asubuhi, watafika saa ngapi? (Jibu: saa 7 mchana.)

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika mistari mitano juu ya safari unayotaka kuifanya kutoka kijijini kwako. Taja umbali, saa ya kuondoka, maji utakayochukua, na saa zako za akiba.